Hisa, wageni na kura: kisa cha chama cha Malindi kilichouza siku ya hukumu

Tarehe 1 Septemba 2017, muda mfupi baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa urais, chama kimoja cha akiba cha hapa Malindi kilimpigia simu dalali wake wa hisa, kikamwagiza auze nusu ya hisa zake za Safaricom kwa bei yoyote atakayoipata. Tangu siku hiyo wanachama hawajaacha kubishana. Wapo wasemao ilikuwa hofu ya wazee. Wapo wasemao bila pesa ile watoto wangerudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Mimi hukagua vitabu vya vyama vya akiba, na hivi vyao nimevisoma ukurasa kwa ukurasa. Naona pande zote mbili zinabishania siku isiyo yenyewe. Uamuzi uliowafunga mikono ulipitishwa Februari, miezi sita kabla ya kura, na siku unapitishwa kila mtu aliupigia makofi.

Wenye chama

Wanachama ni ishirini na kitu. Kuna manahodha wa boti za kupeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari, wauza vinyago, akina mama wanaokodisha vyumba, fundi mmoja wa mashine za boti, na mwalimu mstaafu ambaye ndiye mweka hazina. Jina la chama silitaji. Ndilo sharti walilonipa. Mwenyekiti ni nahodha mstaafu ambaye vijana wote humwita Ami, na neno lake huwa zito kuliko katiba ya chama. Katibu ni kijana wa vinyago anayesema Kiitaliano bila kukwama, kama walivyo vijana wengi wa mji huu.

Itazame tena orodha hiyo. Karibu kila mmoja analishwa na mgeni, na mgeni wa Malindi kwa miaka mingi amekuwa Mwitaliano. Huyu huja kwa wingi Agosti, kwao wanapofunga ofisi na viwanda kwa likizo, kisha tena kuanzia Desemba. Katiba ya 2010 nayo imeweka uchaguzi mkuu Jumanne ya pili ya Agosti, kila mwaka wa tano. Waliochagua mwezi huo sidhani waliwahi kuuza kinyago ufukweni.

Upande wa mali, chama kilikuwa na hisa 30,000 za Safaricom. Za kwanza zilipatikana 2008, serikali ilipouza hisa bilioni 10, yaani robo ya kampuni, kwa shilingi 5 kila moja. Maombi yalizidi hisa zilizokuwepo mara kadhaa, na mwombaji mdogo akagawiwa kipande tu cha alichoomba. Bei ilipokuja kuanguka hadi chini ya shilingi 3, Mwalimu aliwashika wenzake mkono wakanunua nyingine kidogo kidogo. Hiyo ni sifa yake, na naiandika kwa kuwa katika mabishano ya baadaye imesahaulika.

Mwanzoni mwa 2017 chama kilikuwa pia na fungu la pesa taslimu benki, la dharura. Bei ya Safaricom wakati huo ilikuwa chini ya shilingi 20. Katika kikao cha Februari mjumbe mmoja akauliza kwa nini pesa zikae benki zikizaa riba ya kuchekesha ilhali hisa zimeshuka na gawio lipo. Hoja ilikuwa nzuri. Muhtasari unaonyesha hakuna aliyepinga, na karibu fungu lote likaingia kwenye hisa. Katika kurasa zote za kikao kile neno "uchaguzi" halionekani hata mara moja, na kura ilikuwa imebakiza miezi sita.

Kufikia mwisho wa Agosti hisa ile ile ilikuwa imepita shilingi 24. Kwa hiyo aliyetoa hoja ya Februari alikuwa sahihi kuhusu bei, na hilo ndilo linalofanya kisa hiki kiwe kigumu. Chama kilipata faida, na kikabaki hakina kitu mfukoni.

Agosti yenyewe

Kura ilipigwa tarehe 8. Tarehe 11 tume ya uchaguzi, IEBC, ikamtangaza Uhuru Kenyatta mshindi kwa asilimia 54.27. Soko la Hisa la Nairobi likapanda; wawekezaji walikuwa wanaogopa mvutano mrefu, wakaona mambo yamekwisha.

Malindi hakukuwa kumekwisha. Wageni wengi walikuwa wameghairi tangu Julai, na walioghairi hawabadilishi nia kwa sababu matokeo yametangazwa. Tena Agosti ni msimu wa kusi, bahari haina adabu, boti hutoka siku za kubahatisha tu. Mwaka mzuri, wingi wa wageni hufidia siku za kukaa bure. Mwaka ule wageni hawakuwepo na siku nzuri pia hazikuwepo. Katika daftari la mikopo, maombi ya wanachama ya wiki mbili za mwisho wa Agosti yanajaza kurasa ambazo kwa kawaida zingetosha muhula mzima: karo, kodi, mashine iliyovunjika, hospitali. Mwalimu alikopesha mpaka sanduku likakauka.

Wakaenda benki. Hapa inabidi nirudi nyuma mwaka mmoja, kwa sababu kuna kura nyingine iliyoingia katika kisa hiki kwa mlango wa uani. Mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kuweka kikomo cha riba, asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu, na Rais akaitia sahihi tarehe 24 Agosti. Siku iliyofuata hisa za benki kubwa zilianguka karibu na kikomo cha asilimia 10 ambacho soko linaruhusu kwa siku moja. Wanachama wetu waliisoma habari ile kwenye simu wakafurahi, maana hawakuwa na hisa za benki, na mkopo wa bei nafuu nani asiyeutaka? Lakini benki iliyozuiwa kumtoza mkopaji mdogo riba inayolingana na hatari yake humwacha mkopaji huyo, ikaikopesha serikali. Chama kilipobisha hodi mwaka mmoja baadaye, meneja aliwakaribisha vizuri, akawapa viti, akawanyima mkopo.

Basi tarehe 31 Agosti hali ilikuwa hivi: wanachama hawana kipato, sanduku ni tupu, benki imefunga mlango, na mali pekee inayoweza kugeuzwa pesa ni hisa. Kesho yake ndiyo hukumu.

Siku yenyewe

Ilikuwa Ijumaa, siku zile zile za Idd ya kuchinja, na wanachama wengi walikuwa majumbani. Jaji Mkuu David Maraga akasoma uamuzi wa majaji 4 dhidi ya 2: uchaguzi ni batili, urudiwe ndani ya siku 60. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mahakama ya nchi ya Afrika kufuta uchaguzi wa rais. Mitaani wengine walishangilia, wengine walinyamaza. Kwenye Soko la Hisa bei zilianguka papo hapo, na biashara ikasimamishwa kwa muda ili watu wavute pumzi.

Katibu alikuwa akifuatilia kwa simu. Mazungumzo yaliyoandikwa baadaye kwenye muhtasari ni mafupi. Ami alisema, "Mwanangu, mimi nilikuwepo 2008. Uza." Katibu akajibu, "Ami, tukiuza leo tunauza na wenye hofu." Mwalimu akauliza swali moja tu: Jumatatu wanachama watapewa nini? Hakuna aliyekuwa na jibu. Agizo likatoka: hisa 15,000, bei ya soko. Ziliuzwa kabla ya soko kufungwa saa tisa, na pesa zikaingia siku ya tatu ya kazi, kama utaratibu ulivyo.

Tupige hesabu baridi. Kwa kuwa hisa haiwezi kushuka zaidi ya asilimia 10 kwa siku, tofauti kati ya bei ya Alhamisi na bei mbaya kabisa iliyowezekana Ijumaa, kwa hisa zote 15,000, isingezidi shilingi 40,000 hivi. Si pesa ya kutupa, lakini si ya kuvunja chama pia. Ukilinganisha na bei ya Februari, hata hisa zilizouzwa siku ile ziliuzwa kwa faida. Kilichouma ni kilichofuata. Tarehe 9 Machi 2018 Uhuru Kenyatta na Raila Odinga walipeana mikono, ile iliyoitwa handisheki, na mwezi huo Safaricom ilikuwa juu kuliko kabla ya hukumu. Kwa mwaka mzima wa 2017, mwaka wa uchaguzi uliofutwa, wa marudio yaliyosusiwa na wa risasi mitaani, fahirisi ya hisa zote za Nairobi, yaani kipimo cha jumla cha bei zake, ilipanda kwa zaidi ya robo. Aliyelala Januari akaamka Desemba angeambiwa ulikuwa mwaka mzuri.

Soko lilikuwa linaogopa nini?

Watu wengi huamini bei zilianguka kwa sababu soko lilimtaka Uhuru. Huenda baadhi ya wawekezaji walimtaka kweli, lakini hilo halielezi mengi. Soko lilikuwa limeshaweka bei ya jambo lililokwisha, kisha ndani ya dakika chache likaambiwa bado siku 60. Zaidi ya nusu ya biashara ya Nairobi wakati ule ilikuwa mikononi mwa wawekezaji wa nje, na Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya theluthi ya thamani ya soko zima. Mwekezaji wa nje anayetaka kupunguza mali yake Kenya anauza Safaricom, kwa kuwa ndiyo inayouzika. Yaani hisa bora ndiyo iliyopigwa, kwa sababu ya ubora wake.

Mambo hayo si ya kwetu peke yetu. Mwaka mmoja kabla, tarehe 23 Juni 2016, Waingereza walipiga kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya, asilimia 51.9 wakitaka kutoka. Masoko yalikuwa yamejipanga kwa matokeo mengine. Ijumaa yake pauni ilishuka hadi kiwango kisichoonekana tangu 1985. Fahirisi ya VIX ya Chicago, inayotokana na bei ambayo wawekezaji wa Marekani hulipa kujikinga na mtikisiko, ilipanda karibu nusu kwa siku moja. Sasa ajabu: London yenyewe, fahirisi ya kampuni 100 kubwa ilifunga ikiwa imepoteza asilimia 3 na kitu tu, ilhali Milano ilipoteza zaidi ya asilimia 12, siku mbaya kuliko zote katika historia yake hadi wakati huo. Katibu wetu anamkumbuka mteja wake mmoja, mzee wa Kiitaliano anayeishi Malindi miezi ya baridi ya kwao, aliyekuwa akilaani Waingereza kwa ajili ya hisa zake za benki za Italia. Hakuwa amekosea njia. Kampuni kubwa za London huchuma sehemu kubwa ya mapato yao nje, kwa hiyo pauni iliyodhoofika iliwaongezea hesabu; ndani ya wiki moja fahirisi yao ilikuwa juu ya ilipokuwa kabla ya kura. Fahirisi ya kampuni 250 za kati, zinazotegemea zaidi mfuko wa Mwingereza, ilianguka asilimia 7 siku hiyo na ikachelewa kuinuka. Benki za Italia hazikuwa na pauni ya kuwainua. Zilikuwa na mikopo mibovu ya zamani, na hofu ikawafuata walio dhaifu.

Desemba 4 mwaka huo huo Waitaliano wakapiga kura yao wenyewe, juu ya marekebisho ya katiba. Waziri Mkuu Matteo Renzi alishindwa vibaya, karibu asilimia 59 wakisema hapana, akajiuzulu. Jumatatu Milano iliyumba asubuhi, ikafunga karibu pale pale, na Jumanne ikapanda. Serikali imeanguka na soko linapanda! Lakini matokeo yale yalitarajiwa; waliotaka kuuza walikuwa wameuza wiki za kabla. Katikati ya kura hizo mbili ilikuja ya Marekani. Usiku wa Novemba 8 kuamkia 9, ilipoonekana Donald Trump anashinda, Tokyo ilipoteza zaidi ya asilimia 5 na peso ya Mexico ikaporomoka. New York ilipofunguka, walioamka mapema kuuza walikuta bei zinapanda. Fahirisi ya Dow Jones ilimaliza siku kwa ongezeko la pointi 257 na VIX ikashuka.

Kwa wanachama wa Malindi nililieleza hivi, na manahodha walilishika haraka kuliko mimi nilivyolisema. Kaskazi ina hatari zake na kusi ina zake, lakini kila moja unaijua na unaisafiria. Chombo huhangaika zaidi kwenye maleleji, pepo zinapobadilishana na hujui tanga ulielekeze wapi. Kura ni maleleji ya soko: tarehe yake inajulikana, upepo utakaofuata haujulikani, na kinachoamua maumivu ni urefu wake na umbali kati ya ulichotarajia na kilichokuja. Utafiti mmoja wa 2008 uliopima chaguzi za nchi 27 za OECD, jumuiya ambayo wengi wa wanachama wake ni nchi tajiri, ulionyesha kuwa ile sehemu ya mtikisiko inayotokana na nchi yenyewe inaweza kufika mara mbili ya kawaida katika wiki ya kura, na huwa kali zaidi ushindi ukiwa mwembamba au serikali ikibadilisha mwelekeo.

Ami hakuridhika. Aliuliza: mbona India? Alikuwa amesikia habari za India kutoka kwa mfanyabiashara mmoja wa mjini, na swali lake lilikuwa la haki. Mei 17, 2004, baada ya muungano wa chama cha Congress kushinda bila kutarajiwa, ukiegemea vyama vya mrengo wa kushoto, soko la Mumbai lilianguka asilimia 11 kwa siku moja na biashara ikasimamishwa mara mbili. Miaka mitano baadaye, Mei 18, 2009, Congress hao hao walishinda kwa nguvu zaidi bila kuhitaji mrengo wa kushoto, na soko likapanda asilimia 17. Aliyeuza 2004 kwa hofu alijuta kabla mwaka haujaisha. Hapo katibu akatabasamu, akidhani nimempa ushindi.

Sikumpa. Agosti 11, 2019 Argentina ilifanya kura ya mchujo, na Rais Mauricio Macri akashindwa kwa takriban pointi 15 pale ambapo kura za maoni zilionyesha mbio za karibu. Kesho yake soko la Buenos Aires lilipoteza asilimia 38 kwa peso, na kwa dola karibu nusu. Aliyesubiri pale hakupata handisheki. Septemba serikali ikabana ununuzi wa dola, na Mei 2020 nchi ikashindwa kulipa deni lake. Tofauti na India ni kwamba kura ya Argentina iliibua swali la kama madeni yatalipika, na jibu likaja kuwa hapana. Kenya ya Septemba 2017 haikuwa huko. Deni lilikuwa linakua, ndiyo, lakini hakuna aliyehoji kama Safaricom itaendelea kuuza muda wa maongezi. Swali lililokuwa mezani lilikuwa la lini.

Kumbukumbu ya Ami

Nilitumia muda mwingi kwenye sentensi ile ya "nilikuwepo 2008", kwa sababu ndiyo iliyouza hisa. Kwa Ami mambo yalifuatana hivi: kura ya Desemba 2007, damu, halafu hisa walizonunua kwa 5 zikawa chini ya 3. Kwake ni kamba moja.

Nilimwonyesha mfuatano wa tarehe. Vurugu zilikuja mwishoni mwa Desemba 2007 na Januari 2008, na bei ziliporomoka kweli. Makubaliano yaliyosimamiwa na Kofi Annan yalitiwa sahihi Februari 28. Kufikia katikati ya mwaka, fahirisi ya hisa 20 ilikuwa imerudi karibu na ilipoanzia. Hisa za Safaricom zilianza kuuzwa sokoni Juni, amani ikiwa imesharudi. Sababu zilizozishusha zilikuja baadaye: benki ya Marekani ya Lehman Brothers ilianguka Septemba 15, fedha za wageni zikakimbia masoko madogo duniani kote, na wenyeji waliokopa kununua hisa wakalazimika kuuza kulipa mikopo. Kwa Safaricom, kura haikuwa imeshusha kitu. Ami aliangalia karatasi muda mrefu, akasema tarehe ni za kwangu lakini maiti aliziona yeye. Sikubishana naye. Mtu aliyeona majirani wakihama usiku halazimiki kuipima hofu yake kwa fahirisi. Ninachosema ni kwamba hofu ile ilikuwa na haki ya kumfanya anunue unga na kujaza maji, lakini hisa lilikuwa jambo jingine.

Hata hivyo, na hapa ndipo katibu aliponinunia, sioni kwamba chama kingefanya tofauti Ijumaa ile. Swali la Mwalimu lilikuwa limeshafunga mjadala. Mwenye njaa hasubiri handisheki ya miezi sita ijayo. Wakubwa nao hupatwa na hilo. Baada ya Brexit, kura ile ya Waingereza, mwezi Julai 2016, mifuko kadhaa mikubwa ya Uingereza inayowekeza kwenye majengo ililazimika kufunga milango, wateja wakiwa wanataka pesa zao kwa siku moja na majengo hayauziki kwa siku moja. Majengo yalikuwa yamesimama pale pale, wapangaji wanalipa. Ni pesa taslimu tu iliyokosekana. Mifuko ile ilikuwa na sheria za kuwazuia wateja. Chama cha majirani hakiwezi kumwambia mama wa vyumba arudi Oktoba.

Tatizo la Malindi ni kali kuliko la mifuko ile kwa jambo moja. Kura ile ile iliyoshusha hisa ndiyo iliyofukuza wageni. Kipato na akiba vilifungwa kwenye chombo kimoja. Mtumishi wa umma wa Nairobi mwenye hisa zile zile angeweza kuzima simu hadi Machi, mshahara ukiingia. Kwa hiyo ushauri wa "usiuze, vumilia", unaotolewa na kila mtaalamu kwenye redio, ni sahihi kwake na hauna maana kwa nahodha wa boti, mpaka nahodha awe na pesa ya kuvumilia nayo.

Pesa ya kuvumilia ni kiasi gani?

Hapa Katiba inasaidia, kwa sababu muda wa mashaka umeandikwa. Matokeo ya urais lazima yatangazwe ndani ya siku 7. Anayepinga ana siku 7 kwenda mahakamani. Mahakama ina siku 14. Ikifuta, uchaguzi mpya ndani ya siku 60, na mzunguko wa kupinga unaweza kuanza tena. Mwaka 2017 mzunguko ulikwenda karibu mwisho wake: kura Agosti 8, hukumu Septemba 1, marudio Oktoba 26, mahakama kuyathibitisha Novemba 20, kuapishwa Novemba 28. Kutoka kura ya kwanza hadi kiapo ni wiki 16 kamili. Mwalimu alichukua wastani wa mahitaji ya wanachama kwa wiki moja katika msimu mbaya, akazidisha kwa 16. Matokeo yalikuwa karibu sawa na fungu lililohamishiwa kwenye hisa Februari. Alifunga daftari bila kusema neno, jambo ambalo kwake si la kawaida.

Kwa 2022 walibadilisha mpango. Mwaka mmoja kabla, gawio na michango ilielekezwa kwenye fungu la wiki 16, na sehemu kubwa ikawekwa kwenye hatifungani za serikali za siku 91 zilizopangwa ziive Agosti. Kiwango cha chini wakati ule kilikuwa shilingi 100,000, kwa hiyo chama kiliweza pale ambapo mwanachama mmoja mmoja asingeweza. (Siku hizi ni 50,000, na tangu 2023 kazi yote huweza kufanywa kwa simu kupitia DhowCSD, mfumo wa mtandaoni wa Benki Kuu.) Kura ikapigwa Agosti 9, William Ruto akatangazwa tarehe 15 kwa asilimia 50.49, ushindi mwembamba wa kutosha kumtia mtu kiwewe. Mahakama ya Juu ikauthibitisha Septemba 5. Chama hakikuuza hata hisa moja. Wanachama walikopa, walilipa karo, na mama wa vyumba akatengeneza paa.

Halafu hisa zikaporomoka. Safaricom iliyokuwa imepita shilingi 40 mwaka 2021 ilimaliza 2022 karibu na 24, na 2023 karibu na 14. Kura ilipita kwa amani na bei ikaanguka kuliko siku yoyote ya 2017, kwa sababu Benki Kuu ya Marekani ilikuwa ikipandisha riba tangu Machi 2022 na wageni wakarudi kwao na pesa zao. Katika kikao kimoja mjumbe alilalamika kwamba walidanganywa, kuwa waliambiwa baada ya uchaguzi bei hurudi. Muhtasari hauonyeshi aliyeambiwa hivyo. Fungu la wiki 16 liliwekwa ili kura isiwalazimishe kuuza, na kwa hilo lilifanya kazi yake. Kuhusu riba ya Washington chama hakina fungu, na dawa yake ni nyingine: kutokuwa na mayai yote Safaricom. Hilo wamelijadili mara nyingi kuliko walivyolitekeleza.

Sasa mezani kuna 2027. Jumanne ya pili ya Agosti itakuwa tarehe 10. Ami anataka hisa zote ziuzwe Juni. Katibu na vijana wanataka kinyume chake: pesa itengwe ya kununua siku soko litakapoanguka, kama ilivyoanguka siku ya hukumu ile. Maoni yangu yamo kwenye ripoti niliyowapa. Pendekezo la Ami linamlazimu apatie mara mbili, siku ya kuuza na siku ya kurudi, na mwaka 2017 aliyeuza Juni angekosa sehemu nzuri ya mwaka. La vijana linawezekana kwa robo ya michango mipya tu, kwa bei waliyoiandika kabla, na kamwe si kwa fungu la akiba. Ukihesabu wiki 16 kutoka Agosti 10 unafika Novemba 30, na kabla ya siku hiyo Mwalimu amekataa kutia sahihi hundi yoyote ya hisa itakayotoka kwenye fungu hilo. Kikao kimekubali sharti lake. Mengine yatapigiwa kura Januari.